Ignace Mpiga Pasipoti na Ndege ya Jumapili

Nianze na kazi yake, maana bila kazi yake hutamwelewa. Ignace alikuwa anapiga picha za pasipoti Marshalltown, katikati ya Johannesburg, kando ya ofisi ambako wageni walipanga foleni kutafuta makaratasi. Studio yake ilikuwa shuka jeupe lililobanwa kwenye uzio kwa vibanio vya nguo, stuli moja, na mwavuli wa kuzuia jua. Mtu akikaa kwenye stuli, Ignace hakuwa na habari ya kumsalimu. Alimwambia: "Kichwa juu. Usicheke. Usifumbe macho. Usitingishike." Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, karibu kama siri, na nakuapia nimeona mijitu yenye misuli ikiacha hata kupumua.

Alikuwa na majivuno yake. Tangu aingie Johannesburg mwaka tisini na saba, hakuna picha yake hata moja iliyokataliwa na karani. Picha iliyotikisika kwake ilikuwa takataka. Zile chache zilizomshinda alizitupia kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, na ukimuuliza kwa nini hazichomi alikuwa anabadilisha mazungumzo.

Tuliishi naye Berea, ghorofa ya kumi na moja, flati moja. Yeye chumba kimoja, mimi na mume wangu Sipho kingine. Mimi ni Hyasinta, mtu wa Songea. Sipho nilimpata Morogoro enzi zile wapigania uhuru wa Afrika Kusini wakiwa uhamishoni, nikamfuata kwao mwaka tisini na nne nikidhani naenda kuishi kwenye nyumba yenye bustani. Tuyaache hayo. Sipho anaendesha kombi, yaani daladala za huku, mimi nasuka na kulainisha nywele pale pale sebuleni, na siku yangu kubwa ni Jumapili, wanawake wakitoka kanisani.

Machi mwaka elfu mbili na tatu akaja Yaya Marthe. Kwa Wakongo yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto kama kwetu, ingawa kwa Ignace alikuwa vyote viwili, maana ndiye aliyemlea. Alitoka Kalemie kwa njia ya barabara, siku kumi na tisa, kwa mabasi na malori kupitia Zambia. Ignace alikuwa ameshamtafutia nafasi kwenye ndege kutoka Lubumbashi. Yaya akakataa kata kata. Alifika miguu imevimba, amebeba dagaa wa ziwani na mtwangio. Mtwangio! Kama vile Johannesburg nzima haina mtwangio. Siku ile ile akaniteka jiko.

Nilimvumilia wiki moja. Jumapili ilipofika nilikuwa na mteja, binti mmoja wa Moshi aitwaye Happyness, nimeshampaka dawa ya kulainisha kichwa kizima, nahesabu dakika. Mara ukasikika mngurumo nje. Si ule wa ndege kubwa za abiria, hizo hupita juu sana na hatuna habari nazo. Huu ulikuwa wa chini, mkavu, unakwaruza hewa. Yaya Marthe akaangusha mwiko, akanidaka kiunoni, akanitupa chini ya meza, akanilalia. Mwanamke yule ana uzito wake. Nikasukuma, nikapiga kelele, wapi. Aliniachia sauti ilipopotea kabisa, na kufika hapo Happyness alikuwa anapiga mayowe bafuni, kichwa kinamuungua, akitafuta maji ambayo siku hiyo yalikuwa yamekatika. Hajanisamehe hadi leo.

Nilipoinuka nimejaa hasira nikamwona Ignace mlangoni kwake. Hakuwa amejificha, lakini mkono wake ulikuwa umeshika fremu ya mlango kama mtu aliye kwenye gari lililokosa breki.

"Ni ile," alisema.

Yaya Marthe akaitika kutoka chini ya meza: "Ni yenyewe."

Ndipo tukasimuliwa. Mwaka sitini na nne, wakati wa vita vya waasi, kijiji chao kilikuwa ufukweni mwa ziwa, kaskazini mwa Kalemie. Marthe alikuwa na miaka kumi na tano, Ignace minane. Ndege za propela, mbili mbili, zilikuwa zinakuja asubuhi na kupiga chochote kinachotembea. Siku hiyo Marthe alikuwa mtoni kwenye mashimo ya kulowekea mihogo. Alimtupa mdogo wake shimoni, kwenye maji yaliyochacha, akamlalia. Ignace alisema ndege yenyewe hakuiona. Aliisikia tu, na alisikia harufu ya mihogo, na mpaka sasa hali chikwangue, ule mkate wa mihogo iliyolowekwa, hata umlipe. Walipotoka shimoni mama yao alikuwa amekufa njiani, amebeba kuni.

Sipho akasema ndege zile anazijua. "Zinaitwa Harvard. Marubani wa jeshi la makaburu walijifunzia humo, hao hao waliotufuata na mabomu Maputo na Lusaka. Jeshi limezistaafisha. Wamenunua watu wenye hela zao, wanazihifadhi uwanja mdogo wa Germiston, Jumapili wanazitoa kuzinyoosha miguu. Eish, ni mchezo wa wazee tu, Yaya."

"Muchezo," alisema Yaya Marthe. Akaokota mwiko wake.

Basi ikawa ndiyo maisha yetu. Si kila Jumapili, ila huwezi kujua ipi. Nikawa siwezi kupaka mtu dawa. Yaya akawa halali Jumamosi, hali Jumapili, na mwezi wa nane akamkalisha Ignace mezani, mbele yangu, akamwambia: "Mudogo yangu, mi narudia kwetu. Noeli itanikuta kule."

"Yaya, kule kuko vita. Hakuna mutu alibakia kwetu, nyumba ziliungua zote."

"Vita ya kule naijua. Inakuja na miguu, unaisikia inakuja, unakimbia. Hii ya hapa inapita juu ya kichwa na bantu banaendelea kunywa chai."

Nasema kweli: mimi nilifurahi. Nilijiona nimerudishiwa jiko langu na wateja wangu. Lakini nilimtazama Ignace usoni, mwanaume wa miaka arobaini na saba, na kilichokuwepo pale ni uso wa mtoto anayeachwa. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Alikuwa na Yaya tu, na Yaya anataka kurudi mahali watu wanapouawa. Furaha yangu ikaniishia.

Siku chache baadaye alirudi kazini na gazeti limekunjwa mfukoni. Mwezi wa kumi kungekuwa na maonyesho ya ndege za zamani za vita, uwanja ule ule wa Germiston, na watu wote wanakaribishwa. Alikuwa ameshaazima lenzi ndefu kwa mhadhiri mmoja Mkenya wa Braamfontein.

"Unakwenda kufanya nini kule, kaka Ignace?" nilimuuliza. "Ukaanguke presha mbele ya wazungu?"

"Nakwenda kuipiga foto, dada. Mutu mwenye nimeshapiga foto simuogopaka tena. Hata polisi. Nikiipiga foto, nitamuletea Yaya. Ataiona vizuri ni kitu gani. Ataona ni bati tu na matairi."

Nilitaka kucheka. Halafu nikamwambia Sipho atie mafuta kwenye kombi.

Tulifika asubuhi. Mimi nilidhani ni mambo ya kijeshi, kumbe ni kama pikiniki: familia na viti vya kukunja, moshi wa soseji, watoto wenye kofia za karatasi, wazee wamevaa kaptula na soksi zilizopanda hadi magotini. Kwenye uzio wa mbele walijipanga wapiga picha, lenzi zao nene kama mabomba ya maji machafu. Ignace akajipenyeza katikati yao na kamera yake kuukuu, amevaa suti. Ndiyo, suti! Alisema huendi kumpiga mtu picha ya maana umevaa fulana.

Jirani yake kwenye uzio alikuwa mzee mmoja aitwaye Kallie, pua imeungua jua, fundi mstaafu, aliyekuja na daftari la kuandika namba za ndege. Akatupa biskuti ngumu za kuchovya kwenye kahawa. Akamuuliza Ignace amekuja kupiga ndege ipi. Ignace akasema Harvard. "Mtu mwenye akili," alisema Kallie, na wakawa marafiki.

Zilikuja nne. Kwanza tulizisikia, na mimi mwenyewe niliyezizoea kupitia dirishani nikainamisha kichwa. Nikamtazama Ignace. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye kola ya shati, ameung'ang'ania uzio hadi waya ukawa unalia. Sipho akamshika bega. Ignace akautoa mkono wake taratibu, akainua kamera, akageuza kile kigurudumu cha spidi hadi mwisho, elfu moja, yaani kitundu kinafunguka na kufunga kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Hapo hata mkono ukitetemeka picha haitikisiki. Nikamsikia anaongea chini chini kwa Kiswahili chao, midomo haionekani kusogea. Akapiga, akapiga, mpaka filamu ikaisha.

Zilipopita aliishusha kamera akacheka peke yake. Sijawahi kumwona akicheka vile. "Nimeipata, dada! Nimeipata yote, mpaka misumari!"

"Umepiga kwa spidi gani?" aliuliza Kallie.

"Elfu moja," alijibu Ignace kwa fahari.

Mzee yule akafumba macho kama anayeumwa jino. Akaeleza kwa upole, na Sipho akatafsiri palipokuwa pagumu. Kwa spidi hiyo propela inasimama. Kwenye picha utaziona panga zake mbili zimekaa tuli, ndege iko hewani na injini kama imezimwa, unaweza kudhani imening'inizwa kwa uzi. Wapenda ndege wanaicheka picha ya namna hiyo. Kosa la mtu aliyezoea kupiga watu waliokaa. Propela lazima izunguke, ionekane kama sahani ya ukungu, ndipo ndege inakuwa hai. Shusha spidi hadi mia na ishirini na tano, alisema, na uifuate ndege kwa kiuno, kama unavyogeuka kumtazama mwanamke mzuri anapita.

Uso wa Ignace ulianguka. Filamu nzima, picha thelathini na sita, takataka. Lakini alikuwa mtu wa kazi, hakununa. Harvard ziliporudi mchana alipiga kama alivyofundishwa, kiuno kinazunguka, suti inavutika mgongoni, na Kallie nyuma yake anamhesabia. Nyingi zilitikisika. Moja ilitoka.

Na ilitoka kweli. Aliisafishia dukani, akaikuza, akaitia kwenye fremu. Ndege ya njano inakuja kuelekea kwako kidogo, mawingu nyuma yamevutika, propela ni duara la moshi. Hata mimi niliisifu. Picha za filamu ya kwanza alizirusha kwenye kopo la biskuti bila kuzitazama mara mbili.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, alimwekea Yaya fremu mkononi. Alikuwa amevaa suti tena.

Yaya Marthe aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akaifunika kwa viganja vyake viwili.

"Inakuja," alisema.

"Yaya, ni foto tu."

"Inakuja, Ignace. Kwa nini unaniletea inakuja?"

Akaenda chumbani akaanza kukunja nguo zake. Ignace alikaa pale mezani, mikono imelala mapajani, kama wale wanaosubiri kuitwa majina Marshalltown. Nilimwonea huruma hadi nikamkasirikia. Nikamwambia ale, akasema ameshiba. Kwa wiki kadhaa nyumba haikuwa na raha. Yaya alimtuma Sipho aulize basi la Lusaka linaondoka siku gani, na Sipho, ambaye hajawahi kumdanganya mtu mzima, akawa kila jioni anasema amesahau.

Mapema Desemba Yaya akaamua kujifanyia mwenyewe. Alihitaji picha zake ndogo kwa ajili ya karatasi ya safari. Ignace alikuwa amempiga alipofika tu mwezi wa tatu, na picha ya kwanza Yaya alikuwa amefumba macho, nyingine akapiga chafya, kwa hiyo zilizoharibika zilikuwa kwenye kopo. Yeye hakujua zilizoharibika ni zipi na nzuri ni zipi. Alivuta kopo kutoka chini ya kitanda akakaa nalo sakafuni. Mimi nilikuwa sebuleni nasuka, Ignace anafuta lenzi zake. 

"Ignace!" aliita. "Kuja hapa."

Tulikwenda wote, na mteja wangu nyuma na kichwa nusu. Yaya alikuwa ameshika picha moja karibu na dirisha. Ilikuwa ya filamu ya kwanza. Harvard katikati ya mbingu ya buluu, kali kama imechongwa, unahesabu misumari ya bawa, unamwona hadi rubani na miwani yake. Na panga mbili za propela zimesimama wima, hazina habari.

"Ni ile ile?" aliuliza.

"Ni ile ile, Yaya. Lakini hiyo foto iliharibika. Ile propela kwa kweli ilikuwa..."

Nilimkanyaga mguu. Kwa kisigino. Mtu huyu na ukweli wake wa pasipoti! Mwanamke amepata cha kumtuliza, yeye anataka kumweleza spidi za kamera.

Yaya Marthe aliona. Alinitazama mimi, halafu mguu wangu, halafu mdogo wake.

"Mama Hyasinta, mwache. Najua ilikuwa inazunguka. Mi si mujinga. Bila kuzunguka ingeanguka." Akaigusa ile propela kwa kidole gumba, kama anayepangusa vumbi. "Lakini wewe uliisimamisha. Uliiambia nini?"

Ignace alisita. Masikio yalimwiva, akatazama chini.

"Niliiambia kama naambiaka bantu ba pasipoti. Usitingishike."

Yaya Marthe akaweka picha mapajani. Machozi yalimtoka bila uso wake kukunjamana, yakashuka tu.

"Hiyo neno ni yangu," alisema. "Kwenye shimo la mihogo. Ulikuwa unatetemeka chini yangu, maji yanacheza juu ya mugongo yako, nikaogopa wataona maji. Nikakuambia kwa sikio, Ignace, usitingishike. Na hukutingishika. Ulikuwa mutoto ya miaka munane na hukutingishika."

Ignace alisema hakumbuki. Alikumbuka harufu, alikumbuka sauti ya injini, neno hilo hakulikumbuka. Alidhani ni neno la kazi tu. Miaka sita alikuwa analisema mara hamsini kwa siku kwenye masikio ya watu waliokimbia vita, na hakujua alikolitoa. Akakaa sakafuni karibu na dada yake, suruali nzuri na yote, akaweka kichwa begani kwake. Mimi nililia waziwazi, na mteja wangu naye, ambaye hata hakujua tunalilia nini.

Halafu Yaya akafuta uso kwa khanga, akawa mtu wa amri kama kawaida. "Ikate," alisema.

"Nikate nini?"

"Ikate kidogo, kama zile za kazi yako. Na kile kimashini."

Ignace akachukua kikatio chake cha pasipoti. Akapima kwa makini, maana hata kwa jambo kama hilo hakuweza kukata kombo, akahakikisha ndege imekaa katikati na kuna nafasi sawa juu na chini. Tak. Harvard nzima ikawa na ukubwa wa kidole gumba. Yaya Marthe akaichukua akaitia kwenye kile kipochi cha plastiki anachovaa shingoni, nyuma ya karatasi yake ya ukimbizi, uso kwa uso na picha yake mwenyewe aliyofumba macho, aliyoikuta kwenye kopo. Zile nguo alizokunja akazirudisha kabatini, moja moja, akinilalamikia kwamba kabati nililomwazima linanuka dawa.

Noeli ilimkuta Berea. Alitwanga sombe, kisamvu cha kwao, tangu asubuhi kwa ule mtwangio wake, jirani wa chini akapiga dari kwa ufagio mara tatu. Kallie alikuwa amemtumia Ignace kadi. Ile picha nzuri, yenye fremu, Sipho aliiomba akaitundika upande wa chumba chetu, ambako Yaya haingii.

Ndege zilikuja Jumapili ya mwisho ya mwaka, mchana, wakati nina mteja kitini, dawa imepakwa. Nilizisikia kabla ya Yaya, au nilidhani hivyo. Nikaacha kitana, nikajiandaa kudakwa kiunoni. Ignace alitoka chumbani akasimama katikati ya sebule.

Yaya Marthe alikuwa jikoni, mwiko kwenye maharage. Mkono wake wa kushoto ulipanda hadi kwenye kipochi shingoni, ukakishika kwa nguvu. Mngurumo ukaja, ukajaa flati nzima, glasi zikalia kabatini. Aliinua uso kuelekea dari.

"Usitingishike," alimwambia Ignace bila kugeuka. Na mkono wa kulia ukaendelea kukoroga.